Plagi Begani

Nina mdomo, sikatai. Hakuna aliyewahi kuingia karakana yetu na ndala miguuni akatoka bila kusikia maneno. Mteja akiegemea benchi la msumeno namwondoa, hata kama ndiye anayelipa. Mwenye shati la mikono mipana namkunjia mwenyewe. Siku moja fundi chuma wa jirani alikuja kuazima drili amevaa kofia yenye kamba zinazoning'inia kidevuni, nikamwambia achague moja, azikate kamba au aiache drili. Alicheka, akazikata. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Bi Kanuni.

Karakana si yangu, ni ya baba mkwe. Yeye mtaa unamwita Mzee Tisa, kwa ajili ya vidole. Kile cha kumi, cha kati cha mkono wa kushoto, kilikwenda zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na ukimuuliza kilikwendaje atakujibu kwa maneno mawili: "Umeme ulirudi." Basi. Alikuwa anabadilisha diski ya mashine umeme ukiwa umekatika, ukarudi. Nimemuuliza mara nyingi mashine iliwakaje yenyewe ikiwa swichi ilikuwa imezimwa. Hapo huwa hasikii. Na kwa kuwa masikio yake kweli yamekwisha kwa kelele za mashine, huwezi kujua lini hasikii na lini hataki.

Mwanawe, ambaye ni mume wangu, ni muuguzi katika zahanati iliyo nyuma ya soko. Karakanani haingii. Akituletea chakula cha mchana husimama kizingitini, anakikabidhi kikapu kama mtu anayelisha mbwa mkali, anaondoka. Nilipoolewa nilidhani anaogopa vumbi kwenye koti lake jeupe, nikamtania sana. Baadaye nikazoea.

Mimi na baba mkwe tumegombana miaka sita, kwa adabu zote zinazotakiwa. Nilipofika, kinga ya msumeno wa pembe, lile ganda linaloshuka kufunika diski, ilikuwa imefungwa juu kwa waya ili isimzuie kuona mstari. Nikaifungua. Kesho yake nikaikuta imefungwa tena.

"Baba, hii kinga imewekwa makusudi."

"Ajali haina kinga, mwanangu. Hata wahenga wamesema."

"Wahenga walikuwa na misumeno ya mkono, baba."

Alicheka mpaka akakohoa, na waya akauacha ukiwa umefunguliwa. Huo ulikuwa ushindi wangu wa kwanza. Wa miwani ya kazi ulichukua mwaka. Ila kuna kanuni moja aliyoikataa katakata, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu nilifundishwa nayo. Pale nilipojifunzia kazi, mtu hatii mkono ndani ya mashine mpaka aichomoe plagi na kuitundika begani mwake. Si kuiacha sakafuni, si kuiweka mezani. Begani, yeye aione na wenzake waione. Ikiwa plagi iko begani kwako, hakuna mkono mwingine duniani unaoweza kuiwasha mashine hiyo.

"Nijifunge kamba kama mbuzi?" baba mkwe aliniuliza. "Kwa umri huu?"

Nikaacha. Kwa wateja alinitambulisha kama msaidizi wake. "Huyu mke wa mwanangu, msaidizi wangu." Nilitengeneza milango, nilitengeneza ngazi ya watu wa ghorofa ambayo hadi leo hailii hata hatua moja, na bado sikuwahi kusikia neno fundi likitoka kinywani mwake likija upande wangu. Iliniuma. Sitasema haikuniuma.

Sasa ya siku yenyewe.

Tulikuwa na kazi ya madirisha ya shule. Fremu zilikuwa tayari, zimebaki vile vijiti vyembamba vya kushikilia vioo, mia mbili na arobaini, kila kimoja kikatwe mshazari huku na huku. Hiyo ni mikato mia nne na themanini, na kila mkato lazima ubane swichi iliyo ndani ya mpini. Nilianza jana yake. Kufikia asubuhi kidole changu cha shahada kilikuwa kimevimba, hata kikombe nilikishika kwa viganja viwili. Diski nayo ilikuwa butu. Nilimwambia baba mkwe kwa sauti kubwa kwamba inachoma mbao badala ya kukata. Akasema ataiona.

Nikafanya jambo ambalo mtu mwingine angelifanya mbele yangu ningemtoa nje kwa ufagio. Nilichukua kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, mweusi, nikauzungushia mpini mweusi, nikaikaza swichi ikae imebanwa. Mashine ikawa inazunguka muda wote, mimi kazi yangu ni kushusha na kuinua. Nilijiambia ni mpaka saa ya chai tu. Kidole kikapoa, kazi ikaenda mbio. Nyani haoni kundule, na mimi siku ile nilikuwa nyani mwenye miwani ya kazi.

Saa nne umeme ukakatika. Diski ikapunguza mlio, ikasimama. Nilichotakiwa kufanya nimewahubiria watu miaka sita: fungua mpira, chomoa plagi. Nilichofanya ni kuwalaani watu wa umeme, kuvua miwani, na kutoka uani kupaka vanishi fremu ili muda usipotee bure. Mpira niliuacha palepale. Sikuusahau baadaye. Niliusahau papo hapo, nilipougeuzia mgongo.

Umeme wa mtaa wetu una tabia yake. Ukirudi, unaanza upande wa pili wa barabara, kwa kinyozi. Redio yake haizimwi kamwe, kwa hiyo ndiyo tarumbeta letu. Kisha unavuka kuja upande wetu, unaanzia juu kwa fundi chuma, halafu sisi. Kati ya kinyozi na sisi wakati mwingine ni dakika tatu, wakati mwingine hujamaliza hata kugeuza shingo. Kati ya fundi chuma na sisi ni pumzi moja au mbili.

Nilikuwa kwenye fremu ya tano niliposikia redio ya kinyozi ikifumuka katikati ya tangazo la sabuni. Nikafurahi. Nikaweka brashi kwenye kopo, nikafuta mikono, nikaenda kwa hatua za mtu anayerudi kazini.

Mlangoni nikamwona baba mkwe. Alikuwa amenipa mgongo nusu, ameinamia msumeno wa pembe. Kinga ameiinua. Mkono wa kushoto ameufunga kitambaa na kuishika diski kwa vidole vyake vinne, mkono wa kulia uko kwenye spana, anafungua nati. Alikuwa ananibadilishia diski. Na begani kwake, waya ukipita nyuma ya shingo, imening'inia plagi.

Nilitaka kulia kwa furaha, wallahi. Miaka sita. Alikuwa amefanya bila kuambiwa, tena nikiwa sipo, yaani hakufanya ili nione. Nilisimama pale kizingitini nikitabasamu kama bwege. Kisha nikaona ile plagi ina utepe wa buluu.

Utepe wa buluu niliufunga mimi, kwenye plagi iliyopasuka. Plagi ya mashine ya msasa.

Nyaya zetu mbili zote nyeusi, zote zinapita chini ya benchi hadi soketi moja ya plagi mbili nyuma ya rundo la mbao. Alikuwa ametia mkono nyuma ya mbao akachomoa ya kwanza aliyoikuta. Plagi ya msumeno bado ilikuwa ukutani. Macho yangu yakapanda yenyewe hadi kwenye mpini, yakauona mpira wangu umekaa vizuri, umebana.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Mashine ile haikuwa imezimwa. Ilikuwa inasubiri.

"Baba," nikasema. Kwa sauti ile ilikuwa kazi bure kwa mzee wa masikio yale. Nipige kelele za kusikika? Angeshtuka na mkono ungeingia kwenye meno ya diski, na meno butu ya kukatia mbao kwa nyama ni makali vya kutosha. Nimguse? Ni yaleyale. Swichi kubwa iko ndani ya sanduku la nje, na ufunguo wa sanduku anao mwenye nyumba. Ilibaki soketi.

Soketi ilikuwa hatua sita kutoka niliposimama, nyuma ya rundo la mbao karibu na goti lake. Rundo hilo nililipanga mimi jana yake, kwa haraka, mahali ambapo kanuni yangu mwenyewe inasema pasiwekwe kitu.

Ng'ambo ya barabara mtangazaji alikuwa bado anasifu sabuni. Nilianza kutembea kwa kunyata, macho kwenye vile vidole vinne. Hatua moja. Mbili. Nati ilikuwa ngumu, akaiongezea nguvu, bega likapanda, plagi yenye utepe ikacheza kifuani mwake. Tatu. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, usirudi, usirudi, mimi ambaye fremu tano nyuma nililaani kwa nini haurudi.

Juu ya mtaa, upande wetu, grenda ya fundi chuma ikalia.

Sikunyata tena. Nilijirusha. Goti likagonga mbao, rundo likateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye maranda, mkono ukiwa chini ya benchi. Plagi yenyewe sikuweza kuifikia. Nyaya zilikuwa mbele ya pua yangu, mbili, zimefunikwa vumbi, sawasawa kama pacha. Moja ilipanda kwenye mguu wa benchi la msumeno. Nikaishika hiyo kwa mikono miwili, nikavuta. Ikakaza. Nikatia mguu ukutani, nikavuta kwa mwili mzima.

Taa ikawaka.

Msumeno ukakohoa. Mara moja tu, nusu mzunguko, labda mmoja. Spana ikaruka na kugonga bati la ukuta. Kisha plagi ikafyatuka kutoka kwenye soketi, ikanipiga mdomoni, na mashine ikanyamaza.

"Ah," alisema baba mkwe, polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Niliinuka na damu mdomoni. Alikuwa amesimama akiutazama mkono wake wa kushoto. Kitambaa kilikuwa hakipo mkononi, kilikuwa kimejiviringisha kwenye diski, kimechanika. Damu ilikuwa inadondoka kwenye vijiti vyangu vya madirisha. Nilimshika kifundo cha mkono, baba mkwe wangu, ambaye katika miaka sita sijawahi kumgusa ila kwa kumsalimia, nikaanza kuvikunjua vidole kimoja kimoja na kuhesabu kwa sauti. Nilihesabu mkono huo, nikahesabu na wa kulia ambao haukuwa na neno lolote.

"Tisa," nikasema. Nikaanza tena, nikapata tisa.

"Nilikuwa navyo tisa," akasema. "Hujanipunja."

Dole gumba lilikuwa limechanika kutoka kwenye ukucha hadi kiungo, lakini lilikuwepo. Nililifunga kwa kitambaa safi. Yeye alikuwa ametulia. Aliitazama plagi iliyokuwa begani kwake, akaufuata waya kwa macho hadi kwenye mashine ya msasa. Akanitazama mimi na waya mwingine miguuni pangu. Halafu akainama, akapapasa mpini wa msumeno kwa mkono mzima, akagusa mpira.

Nilingoja. Alichukua patasi, akaukata ule mpira kwa mkupuo mmoja, akautia mfukoni.

"Twende kwa mumeo," akasema.

Njiani watu walimsalimia, akawaitikia, mkono ameuinua kifuani.

Zahanati haikuwa na foleni. Mume wangu alipoona nani anaingia na kitambaa chenye damu mkononi, alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Hakuuliza kitu mpaka alipofungua kitambaa. Na yeye alihesabu, nilimwona midomo ikicheza. Ndipo akavaa glavu, akaosha kidonda, akachoma sindano ya ganzi, akaanza kushona. Mkono wake ni mwepesi, hata baba yake humsifu kwa hilo.

"Imetokeaje?" aliuliza, macho kwenye uzi.

"Umeme ulirudi," akasema baba mkwe.

Sindano ikasimama.

"Nilichomoa waya usio wenyewe," mzee akaendelea, kwa sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia. "Uzee. Nikachomoa wa msasa. Umeme ukarudi, basi. Mkeo akauvuta, akaniokoa. Andika hivyo."

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Nilimtazama. Alikuwa ametazama ukutani, kwenye picha ya mtoto anayenawa mikono. Nikaelewa kwamba ule mpira ungebaki mfukoni mwake mpaka azikwe nao, na kwamba mimi ningeendelea kuwa Bi Kanuni, ningeendelea kuwakata watu kamba za kofia, na kila siku ya maisha yangu ningeliona lile dole gumba mezani tukila. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Si hivyo tu," nikasema. "Swichi niliifunga mimi. Kwa mpira. Kidole kiliniuma, nikaifunga, umeme ulipokatika nikaiacha hivyohivyo nikaenda zangu uani. Angechomoa waya wowote, kosa ni langu."

Mume wangu hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake.

"Baba, mwambie."

"Hakuna cha kumwambia. Shona."

"Basi nitamwambia mimi." Alishika sindano juu, uzi umening'inia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma jina lake mbele ya watu. "Nilikuwa na miaka saba. Umeme ulikuwa umekatika, yeye ametoka kunywa maji. Nilibonyeza swichi ya mashine nione kama itawaka. Haikuwaka. Nikaiacha hivyohivyo, nikaenda kucheza mpira. Akarudi, akatia mkono."

Nilikumbuka kikapu cha chakula kizingitini. Miaka yote ile nikimtania na vumbi lake na koti lake.

"Hajawahi kunigombeza," mume wangu akasema. "Hata neno moja. Hata mama hakumwambia kuwa ni mimi. Watu wakimuuliza, anawajibu umeme ulirudi. Mimi nikisikia jibu hilo natamani angenichapa."

"Umemaliza?" baba mkwe aliuliza. "Ganzi itaisha hii."

Mume wangu akashona. Nyuzi saba, nilizihesabu, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Alipofunga bandeji mzee aliunyanyua mkono, akaugeuza huku na huku kama anakagua kiungo cha mbao, akaridhika. Kisha akatia mkono mzima mfukoni, akautoa mpira.

Nilisogea mbele. Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia anisamehe kwa namna ileile, anyamaze, yaishe. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa machozi.

"Huyu sikumgombeza," akasema, akimwelekezea mwanawe kidevu, "kwa sababu alikuwa mtoto wa miaka saba."

Akauweka ule mpira kiganjani mwangu.

"Wewe ni fundi."

Akavaa kofia yake, akatoka, akatuacha tumesimama. Nilisikia akimwambia mlinzi getini kwamba madirisha ya watu yanamngoja. Mume wangu aliokota kiti. Mimi nilibaki na mpira mkononi. Neno nililolingoja miaka sita nilikuwa nimelipata.